Njia ya Upana wa Mabeleshi Mawili

Theluji nyingi inapoanguka usiku kucha juu ya mji, wanaofungiwa ndani asubuhi yake si wagonjwa na wazee peke yao, bali pia mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu pamoja na mtu mzima aliyeachiwa kumtunza. Mtu mzima akiwa peke yake huweza kuvuka rundo la theluji kwa kuinua miguu, kuzama hadi magotini na kuibukia upande wa pili akiwa na hasara ya soksi mbichi tu. Akiwa na mtoto, njia ileile humgeukia kuwa swali lisilo na jibu la haraka. Yanayofuata hapa yanahusu swali hilo, hasa kama linavyojitokeza katika mji wa Buffalo, jimbo la New York nchini Marekani, ambako familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zinalea watoto wadogo katika majira ya baridi ambayo wazazi wenyewe hawakuyajua utotoni. Linalotetewa ni kwamba kumtoa mtoto nje baada ya theluji ni jambo la lazima na lenye heri, na kwamba kinachoamua kama litawezekana si wingi wa theluji wala ushujaa wa mzazi, bali ni upana wa njia ambayo watu wengine wamekubali kuichimba.

Buffalo imekaa kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, na theluji yake haieleweki bila ziwa hilo. Mwishoni mwa mwaka, maji ya ziwa yakiwa bado yamehifadhi joto la kiangazi, hewa kavu na baridi sana hushuka kutoka Kanada na kupita juu yake. Hewa hiyo hufyonza joto na mvuke kutoka kwenye maji, hupanda, hupoa, kisha huuachia mvuke huo kama theluji mara inapofika nchi kavu. Wataalamu wa hali ya hewa huiita theluji ya ziwa, na husema kwamba huanza kutarajiwa pale hewa iliyo kwenye kimo cha mita 1,500 hivi inapokuwa na baridi kuliko uso wa maji kwa takriban nyuzi 13. Kwa kuwa Ziwa Erie limelala kwa urefu kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, upepo unaovuma kwa mwelekeo huohuo huyafuata maji kwa mamia ya kilomita kabla ya kuufikia mji, nao hushusha mzigo wake katika ukanda mwembamba ambao huweza kusimama juu ya mtaa mmoja kwa siku nzima ilhali mtaa mwingine, mwendo mfupi tu kwa gari, unaota jua. Mnamo Novemba 2022 ukanda wa namna hiyo ulitua juu ya vitongoji vya kusini mwa Buffalo, na katika siku chache Hamburg na Orchard Park zikaangukiwa na theluji ya jumla ya zaidi ya mita 2, wakati vitongoji vya kaskazini vilipata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

Miongoni mwa waliohamia Upande wa Magharibi wa mji huo katika miaka ya karibuni wamo Wakongo wengi wa Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, watu wa Uvira, Fizi, Bukavu na Goma, ambao baadhi yao walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, au katika kambi za Burundi na Uganda. Wamo pia Warundi na Wasomali, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha. Kwa wale waliotoka Uvira na Fizi, kuishi kando ya ziwa si jambo geni hata kidogo. Lakini Tanganyika, yenye kina kinachofika mita 1,470, ni vuguvugu mwaka mzima na haijui kuganda, ilhali Erie, ambayo kwa wastani ina kina cha mita 19 tu, hupata joto upesi, hupoa upesi, na katika miaka yenye baridi kali huganda uso wake karibu wote, na hapo ndipo theluji ya ziwa hupungua kwa sababu mvuke umefunikwa na barafu. Mtu aliyekulia pwani ya ziwa la kwanza hujua kusoma mawingu na mawimbi. Kwenye ziwa la pili hulazimika kujifunza kusoma upya, tena akiwa ameshika mtoto mkononi.

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, haiko angani bali katika malezi. Katika vijiji vya Kivu na Kigoma, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mtoto mdogo huishi uwanjani, na nyumba ni mahali pa kulala na pa kukimbilia mvua. Huko nje hutambaa, huanguka, hutazama kuku, hufuata wakubwa wake, na humilikiwa kwa namna fulani na kila jicho linalopita. Mama hapigi kamwe hesabu ya muda ambao mtoto ametoka nje kwa sababu hakuna muda ambao si wa nje. Nyumba ya kupanga ya ghorofa ya pili katika mji wa Marekani huupindua utaratibu huo. Kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Aprili, madirisha yamefungwa, kipasha joto kinakausha hewa mpaka midomo inapasuka, na mtoto wa miaka miwili ana chumba na korido ya kukimbilia, pamoja na mtu mmoja wa kumtazama. Inapopita siku ya tatu ya theluji, mtoto hulia bila sababu inayoonekana na mama hukasirika bila sababu anayoweza kuitaja, na si haki kuyaita hayo udhaifu wa mmoja wao. Hiyo ni njaa ya uwanja.

Ipo pia njaa ya jua. Ngozi ya binadamu hutengeneza vitamini D inapopigwa na mionzi fulani ya jua, na vitamini hiyo ndiyo inayouwezesha mwili kutumia madini ya kalisi kujenga mifupa. Katika latitudo ya Buffalo, karibu nyuzi 43 kaskazini, jua la katikati ya majira ya baridi hukaa chini mno kiasi kwamba mionzi hiyo haifiki ardhini kwa nguvu ya kutosha, na ngozi nyeusi, ambayo kwa asili imeumbwa kujikinga na jua kali, huhitaji muda mrefu zaidi kupata kiasi kilekile. Kwa hiyo kutoka nje mwezi wa Januari hakuwezi kuziba pengo hilo, na madaktari wa watoto wa Marekani hupendekeza matone ya uniti 400 za vitamini D kila siku kwa mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama. Inafaa jambo hili lisemwe waziwazi, maana hutokea mzazi akadhani kwamba akishamtoa mtoto juani amemaliza kazi. Mtoto wa majira ya baridi hutolewa nje kwa ajili ya mengine: macho yake, miguu yake, usingizi wake, na amani ya nyumba.

Hofu ya mzazi aliyekulia kwenye joto kwamba baridi itamdhuru mtoto si ushamba, na elimu ya mwili inamuunga mkono. Mwili hupoteza joto kupitia uso wake wa nje na hulizalisha ndani ya nyama yake, na kadiri mwili unavyokuwa mdogo ndivyo uso wake unavyokuwa mkubwa ukilinganishwa na uzito wake. Kwa sababu hiyo mtoto wa kilo 12 hupoa haraka kuliko mtu wa kilo 70 aliyesimama kando yake. Kichwa cha mtoto mchanga ni takriban robo ya urefu wake wote, wakati cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane, ndiyo maana kofia ya mtoto ina kazi kubwa kuliko ya baba yake. Upepo huongeza madhara kwa kuiondoa ile hewa vuguvugu iliyotulia juu ya ngozi, na vituo vya hali ya hewa hutangaza kipimo chake pamoja na halijoto: ubaridi wa upepo unapofika kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi huweza kuanza kuganda, na nyama yake kufa, ndani ya nusu saa. Hatari kubwa ya mtoto wa miaka miwili ni kwamba hajui kusema vidole vinamwuma mpaka vimekwisha kuuma sana, na vikifa ganzi hunyamaza, lakini si kwa sababu amepona.

Namna ya kumvika, basi, ni elimu kamili, ingawa haiandikwi vitabuni kwa heshima inayostahili. Nguo ya kwanza hushikana na mwili na isiwe ya pamba, kwa kuwa pamba ikilowa jasho hubaki mbichi na maji hunyonya joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa. Sufu, hata ikiwa na unyevu, huendelea kutunza joto. Juu yake huja sweta, na juu ya sweta ovaroli ya theluji, yaani vazi moja lililoshonwa kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu na kufungwa kwa zipu ndefu. Utaratibu ni muhimu kuliko mavazi yenyewe. Buti zikivishwa kabla ya ovaroli, miguu haipiti. Glavu zikivishwa kabla ya mikono ya ovaroli kushushwa, theluji huingia kwenye vifundo vya mikono katika dakika ya kwanza. Na kidole gumba, ambacho katika glavu za watoto wadogo ndicho pekee chenye chumba chake, hujikunja kwa ukaidi na kukataa kuingia, hivi kwamba mama hulazimika kuingiza kidole chake mwenyewe kwanza na kukiita kile kingine kwa jina. Mara zipu inapofika kidevuni, mtoto hutangaza haja. Mzazi wa nchi za baridi amekwisha kujifunza kwamba yeye mwenyewe lazima awe amevaa nusu kabla ya kuanza, kwani mtoto aliyevikwa kikamilifu akisubiri mlangoni huanza kutokwa jasho, na jasho hilo ndilo litakalomtia baridi nje. Madaktari wa watoto hutoa kipimo rahisi: mtoto mdogo avikwe nguo moja zaidi ya zile zinazomtosha mtu mzima katika hali hiyohiyo.

Baada ya hayo yote, mlango hufunguliwa, na jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba mtoto haendi popote. Husimama. Theluji mpya imejaa nafasi ndogondogo za hewa kati ya chembe zake, na nafasi hizo humeza sauti, kwa hiyo mtaa uliozoeleka kwa magari na mbwa umenyamaza ghafla. Mwanga nao, ambao theluji safi hurudisha sehemu yake kubwa sana juu, humjia mtoto usoni kutoka chini, upande ambao mwanga haujapata kumjia. Mtoto wa miaka miwili ana urefu wa sentimita 86 hivi. Theluji ya sentimita 30, ambayo kwa mama ni ya kumfika chini kidogo ya goti, kwake hufika karibu na mahali mapaja yanapoanzia, na hatua moja ndani yake ni kazi ya mwili mzima: huinua mguu, hushindwa kuutua mahali alipokusudia, huketi, hutazama mkono wake uliopotea kwenye weupe, huutoa, kisha huurudisha ndani makusudi ili aone tena kama utapotea. Mtu mzima aliyetoka kwa nia ya kununua maziwa huona dakika 10 zimepita na mita nne tu zimevukwa. Ni sahihi kabisa dakika hizo zipotee hapo. Kwa mtoto, ngazi ya mlango iliyobadilika umbo ni safari kubwa kuliko duka lenyewe, na mzazi anayeruhusu safari hiyo ifanyike kwanza, ndipo amchukue mtoto na kwenda kwenye haja zake, hupata mtoto anayekubali kuchukuliwa.

Swali la kumchukua kwa njia gani lina majibu matatu, na kila moja lina mashaka yake. La kwanza ni mgongo na kitenge, jibu la kale na la karibu zaidi kwa mama wa Kivu, ambalo katika baridi lina faida ya wazi, yaani joto la miili miwili kuhifadhiwa chini ya koti moja pana na mikono kubaki huru; lakini kwenye barafu, uzito wa mtoto huvuta mwili nyuma, na anayeteleza kinyumenyume humwangukia mtoto. Kumfunga kifuani humwepusha mtoto na anguko hilo ila humzuia mama kuona anapokanyaga, na inabidi uso wa mtoto ubaki wazi muda wote ili apumue. Jibu la pili ni kigari cha mtoto, ambacho magurudumu yake madogo ya mbele hulima theluji na kukwama. Wenye uzoefu hukigeuza na kukivuta nyuma yao, maana magurudumu yanayovutwa hupanda juu ya theluji ilhali yanayosukumwa huchimba ndani yake. La tatu ni sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachoburutwa kwa kamba juu ya theluji, nacho kwa hakika ndicho kilichoumbwa kwa siku kama hizi: katika miji ya Québec si ajabu kuona mzazi akimpeleka mtoto wake kwa sleji hadi kituo cha kulelea watoto, naye mtoto ameketi humo kwa utulivu mkubwa. Udhaifu wa sleji ni kwamba hupenda theluji, na mahali penye lami iliyofagiliwa na kumwagiwa chumvi hukwaruza na kugoma, hivyo humfaa mtu ambaye njia yake yote imeachwa bila kufagiliwa au yote imefunikwa kwa tabaka jembamba, hali ambayo mjini haipatikani kirahisi.

Ugumu wenyewe hauko katikati ya mtaa. Uko kwenye kona. Magari ya kuondoa theluji, ambayo ni malori yaliyofungwa bapa kubwa la chuma mbele, hupita usiku yakiisukuma theluji ya barabara pembeni, na pale barabara mbili zinapokutana husukuma theluji ya zote mbili mpaka ikajenga ukuta mahali hasa ambapo mwenda kwa miguu huvukia. Theluji hiyo si ile nyepesi iliyoanguka kutoka mbinguni. Imekandamizwa, imechanganyika na chumvi na tope, ikayeyuka kidogo na kuganda tena, na kufikia asubuhi ina mabonge magumu ambayo beleshi la plastiki haliwezi kuyavunja. Mama mwenye kigari hufika hapo baada ya kupita mbele ya nyumba kumi zilizochimbiwa vizuri, akapambana na ukuta unaomfika kiunoni. Humtoa mtoto, humsimamisha juu ya theluji, hukinyanyua kigari na kukipitisha upande wa pili ambako tayari ni barabara yenye magari, na kwa muda wa pumzi kadhaa mtoto yuko upande mmoja na mikono ya mama yake iko upande mwingine. Wengi huona ni heri kushuka barabarani tangu mwanzo na kutembea pamoja na magari, na ndivyo wanavyofanya.

Hapo ndipo jambo linapoacha kuwa la familia na kuwa la mji. Katika miji mingi ya Marekani, Buffalo ikiwemo, serikali ya mji hufungua barabara za magari kwa fedha za umma, na njia ya waenda kwa miguu huwa wajibu wa mwenye nyumba iliyo mbele yake. Utaratibu huu hujidai kuwa wa haki, kwa kuwa kila mmoja anafagia kwake, lakini kona haina mwenyewe, kiwanja kitupu mwenye nacho yuko mbali, na nyumba ya kupanga ina mwenye nyumba anayedhani mpangaji atachimba na mpangaji anayedhani mwenye nyumba atachimba. Njia yenye pengo moja tu haipitiki kwa kigari. Si kwamba hakuna namna nyingine: Rochester, mji jirani ulio mwendo wa kilomita 120 hivi mashariki, umekuwa kwa miaka mingi ukituma mashine ndogo kulima njia za miguu baada ya theluji kubwa, na Syracuse, ambayo hupata theluji nyingi kuliko Buffalo yenyewe, imeanzisha mpango wa namna hiyo. Huko Montréal, mji unaosafisha zaidi ya kilomita 10,000 za barabara na njia za miguu pamoja, vijigari vyembamba vya kulima theluji hupita mbele ya milango kabla watu hawajaamka, na hakuna anayevishangaa.

Mji mdogo wa Karlskoga nchini Sweden ulikwenda mbali zaidi kwa kuuliza swali rahisi ambalo wanaume wenye magari walikuwa hawajaliuliza: nani hutembea, na nani huendesha? Ilipoonekana kwamba barabara kuu, ambazo zilikuwa zikifunguliwa kwanza, zilitumiwa zaidi na wanaume waendao kazini, na kwamba njia za miguu na za kuelekea shule za watoto wadogo, zilizokuwa zikifunguliwa mwisho, zilitumiwa zaidi na wanawake, mji ulibadilisha mpangilio na kuanza na zile zilizokuwa za mwisho, pasipo kulazimika kuongeza kazi. Hoja iliyokuwa na nguvu hasa ni ya kimwili: gari huweza kupita kwenye sentimita 10 za theluji, ila kigari cha mtoto hakiwezi, na mtembea kwa miguu akianguka huvunjika. Stockholm nayo iliufuata mtazamo huo, na mnamo Novemba 2016, theluji ya sentimita 39 ilipoanguka katika siku moja, kiasi ambacho mji haukuwa umekipata mwezi huo tangu vipimo vya mwaka 1905, usafiri ulikwama na wapo waliokimbilia kuulaumu mpangilio mpya. Lawama hiyo haina uzito. Theluji ya kiasi hicho katika mwezi ambao hakuna aliyeitarajia ingekwamisha mpangilio wowote, na mji usiihukumu kanuni ya haki kwa siku yake iliyo mbaya kupita zote.

Kusisitiza haja ya kutoka nje kusieleweke kama dharau kwa dhoruba. Kutoka baada ya theluji na kutoka ndani ya dhoruba ni vitu viwili mbali kabisa. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huiita dhoruba ya theluji kwa jina lake kamili pale tu upepo unapovuma kwa kilomita 56 kwa saa au zaidi, theluji ikapeperuka hata mtu asione mbele zaidi ya mita 400, na hali hiyo ikadumu kwa saa tatu au zaidi. Ile iliyoipiga Buffalo kuanzia tarehe 23 Desemba 2022 ilidumu kwa saa 37. Zaidi ya watu 40 walikufa katika Kaunti ya Erie, ulipo mji huo, wengine ndani ya magari yaliyokwama, wengine mitaani, wengine majumbani ambamo umeme na joto vilikatika, na wengine kwa sababu gari la wagonjwa halikuweza kuwafikia. Miongoni mwa waliokufa ndani ya mji, zaidi ya nusu walikuwa Wamarekani Weusi, katika mji ambao mitaa yake ya mashariki, wanakoishi wengi wao, imekuwa na uhaba wa maduka makubwa ya chakula kwa miongo mingi, kiasi kwamba akiba ya nyumbani huisha mapema na mtu hulazimika kutoka pale hasa asipotakiwa kutoka. Katika dhoruba ya aina hiyo mtoto hubaki ndani, na mtu mzima pia, wala hakuna mjadala.

Hata baada ya upepo kutulia, zipo hatari mbili ambazo mgeni wa baridi hana namna ya kuzijua mpaka aambiwe, na ni wajibu wa waliotangulia kumwambia. Ya kwanza ni gari linalowashwa ili mtoto akae ndani kwenye joto wakati mzazi anachimba theluji kulizunguka: bomba la moshi likiwa limezibwa na theluji, gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, hurudi ndani ya gari na kuua kimyakimya. Mnamo Januari 2016, katika theluji kubwa ya pwani ya mashariki ya Marekani, mama mmoja kijana katika jimbo la New Jersey alikufa hivyo pamoja na mwanawe wa mwaka mmoja wakati baba wa familia akiwa nje anachimba hatua chache kutoka kwao. Bomba huchimbuliwa kwanza, kabla ya ufunguo kugeuzwa. Ya pili ni mapango ambayo watoto hupenda kuyachimba ndani ya marundo ya kando ya barabara, kwani paa lake huweza kuporomoka, na dereva wa gari la kuondoa theluji hawezi kumwona aliyemo ndani. Linafaa kuongezwa jambo dogo la ndani ya gari, kwamba ile ovaroli nene iliyovishwa kwa jasho lote lile huvuliwa kabla mtoto hajafungwa mkanda wa kiti chake, kwa sababu katika ajali vazi hilo hubonyea na mkanda huachwa umelegea. Mtoto hufungwa mkanda akiwa na sweta, kisha hufunikwa blanketi juu yake.

Ujuzi wote huu huja kwa mdomo, na huja kutoka kwa jirani. Mzazi wa Fizi aliyefika Buffalo mwezi wa Oktoba huambiwa na mwenzake wa mwaka uliotangulia ni duka gani la mitumba lina buti za watoto, na mara nyingi huambiwa pia na mzee wa Kipuerto Riko au wa Kiitaliano wa nyumba ya pili, kwa ishara zaidi kuliko maneno, namna ya kushika beleshi ili mgongo usivunjike. Watu waliokulia Kongo ilipokuwa ikiitwa Zaire wanaikumbuka salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mitaro na barabara iliyoamriwa na serikali ya Rais Mobutu, na kwa wengi kumbukumbu hiyo ina uchungu, kwa kuwa kazi iliyokuwa njema kwa jina iligeuka kuwa shuruti. Warundi na Wanyarwanda wana kazi zao za pamoja za Jumamosi, na Watanzania wana msaragambo. Kuchimba theluji mtaani kunafanana na hizo zote kwa mwili, lakini hakuna katibu wa kata anayehesabu waliokuja. Jirani humaliza kwake, hutazama kwa jirani yake, na ama huendelea mita chache zaidi ama huingia ndani. Mita hizo chache ndizo zinazoamua habari ya mtoto.

Upana nao una neno lake. Anayechimba akiwa na haraka hupitisha beleshi mara moja, akaacha mfereji wa nusu mita hivi kati ya kuta mbili za theluji, na mtu mzima hupita humo bila kulalamika. Mtu mzima na mtoto aliyemshika mkono hawapiti. Inabidi mtoto atangulie, akisimama kila hatua kuugusa ukuta, au afuate nyuma asikoonekana, na mahali penye barafu mkono wa kumshika uko mbali. Mpito wa pili wa beleshi, ambao humgharimu mchimbaji dakika chache, huwaweka wawili hao sambamba, na unakipitisha pia kigari, na mzee mwenye mkongojo, na kiti cha magurudumu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda watu wenye ulemavu ilileta viwango vinavyotaka njia ya kupitia kiti cha magurudumu isipungue inchi 36, yaani sentimita 91, ambazo ni mabeleshi mawili ya theluji yaliyowekwa bega kwa bega. Kipimo, basi, kipo tayari na hakihitaji kubuniwa. Kinachosubiriwa Buffalo ni mji kukubali kwamba siku inayofuata theluji kipimo hicho kinahusu kona na vituo vya basi kama kinavyohusu milango ya ofisi zake, na kutuma mashine ya kuvunja ule ukuta ambao malori yake yenyewe yaliujenga usiku.